Miti Iliyoachishwa Maji

Miti ilikuwa arobaini na mitatu, na kila mmoja ulikuwa na mzazi wake wa ubatizo. Wazo hilo lilikuwa la Nérida Aquije mwenyewe, na mwaka mzima alikuwa akilijutia kimyakimya.

Watu wa Ica, mji wa jangwani, hawakosi sababu ya kutafuta mzazi wa ubatizo. Mtoto akikatwa nywele za kwanza, yupo baba wa ubatizo wa nywele. Nyumba ikiwekwa paa, yupo mama wa ubatizo wa paa. Hata jezi za timu ya mtaa zina wa kwao, na huyo ndiye mnunuzi wa bia. Basi siku ilipozinduliwa bustani ya San Crispín, kule mwisho wa mji ambako nyumba zinakutana na mchanga, meya alivunja chupa yenye utepe kwenye benchi la mawe, wapiga tarumbeta wakapuliza, na Nérida akawagawia watu wa mtaa miti ya huarango, mti wa jangwani wenye miiba, mmoja mmoja, iwe wana wao. Alijua anachofanya. Mkaa wa huarango hauna mfano. Kila mwenye banda la kuku wa kuchoma anaulilia. Mti usio na mwenyewe haumalizi mwezi pale. Lakini ni nani mwenye uso wa kukata mtoto wa ubatizo wa jirani yake?

Na kweli hakuna aliyekata. Mbuzi walifukuzwa kwa mawe, mpira ulipigwa marufuku, na mlevi mmoja aliyekojolea mti namba tisa alitozwa kreti zima la bia. Shida ilitokea kwingine. Mzazi wa ubatizo ana wajibu wake, na wajibu wa kwanza ni kuona mwana hafi kiu.

Jumanne hiyo ya Agosti, Nérida alifika bustanini asubuhi akamkuta Bibi Eufrasia Pecho ameinama juu ya mti namba tano, na beseni la bati mikononi.

"Kunywa, baba," bibi alikuwa akisema. "Kunywa, usione haya."

"Bibi Eufrasia, umeamkaje?"

"Nimeamka na mgongo wangu, Injinia. Tumeamka wawili."

"Mimi si injinia, bibi. Ni msanifu wa bustani."

"Haya, Injinia."

Bibi Eufrasia alikuwa mfuaji. Maji San Crispín huletwa na lori mara mbili kwa wiki, yanauzwa kwa pipa, na yeye maji ya suuza ya mwisho hakuyamwaga hata siku moja. Aliyabeba hatua mia mbili, na miaka yake sabini na mitatu, akampelekea mwanawe. Na mwanawe alikuwa amemlipa. Miti mingine iliishia magotini, mikavu, yenye miiba, kama vijiti vilivyosahauliwa na mtu. Huu wa bibi ulikuwa umemfika utosini, wa kijani kibichi, majani laini kama kotimiri. Ulikuwa umeinama kidogo kwa sababu ya upepo, kwa hiyo bibi aliusimamishia gongo akaufunga kwa kitambaa cha fulana ya marehemu mumewe.

Nérida aliutazama ule mti, moyo ukamwuma. Kwa usanifu wake, huarango huachishwa maji kama mtoto anavyoachishwa ziwa. Unaunywesha miezi mitatu, kisha unakata. Mti unalia, majani yanapukutika, juu hauongezeki hata ukucha. Lakini chini, mzizi unashuka kuyatafuta maji ya babu zake. Ukiyapata, umepona. Hata mji uhame, mti utabaki. Ukiendelea kuunywesha juujuu, utashuka kwenda wapi, na chakula kiko mezani?

Hayo yote aliyasema siku ya uzinduzi, kwenye kipaza sauti, wakati tarumbeta zinalia na bia zinafunguliwa. Hakuna aliyesikia. Baadaye, mara tatu, alikuja na neno mdomoni ili amwambie Bibi Eufrasia aache, na mara tatu alimkuta na lile beseni, akalimeza neno lake. Utamwambiaje mtu kwamba mapenzi yake ni sumu? Waliosema mchelea mwana kulia hulia mwenyewe hawakuwa wajinga.

"Mbona umesimama kama una habari mbaya?" bibi aliuliza.

"Ijumaa anakuja mkaguzi wa manispaa."

"Na aje! Ataona mtoto gani mzuri kuliko huyu?"

Nérida alitabasamu, akajichukia kwa kutabasamu.

*

Nyumbani kwao meza ya kulia ndiyo ilikuwa meza ya kazi. Upande huu sahani za maharage mapana na wali, upande ule michoro imebanwa na chupa ya siki isiruke. Mlangoni palikuwa na kibao kilichochorwa na mumewe Fidencio kwa mkono: *Aquije na Misajel, Bustani za Kudumu*. Kampuni nzima ilikuwa watu wanne: Nérida wa kuchora, Fidencio wa kupanda na kujenga, binti yao Yadira wa kompyuta na makaratasi, na Benigno, kibarua aliyekuwa nao tangu ana nywele.

"Nimepima yote, mama," Yadira alisema, bila kuigusa sahani yake. "Ukiondoa wa Bibi Eufrasia, mrefu kabisa una sentimita sitini na nane. Mfupi kabisa ni namba kumi na saba, wa Crisólogo dereva. Thelathini na tisa."

"Na wa bibi?"

"Mita moja na sentimita hamsini na mbili. Peke yake."

Barua ya manispaa ilikuwa katikati ya meza. Fidencio ndiye aliyekabidhiwa jana yake. Nérida alikuwa amekaa saa mbili kwenye kiti cha plastiki akiisubiri, na karani alipotoka alimpita yeye kama anapita nguzo, akampa mumewe mkono: "Injinia, barua yako. Na mama, habari yako." Fidencio alifungua mdomo amsahihishe, Nérida akamkanyaga mguu. Siku nyingine angecheka.

Barua ilisema Ijumaa, saa nne asubuhi, mwisho wa mwaka wa dhamana. Kila mti uwe umefika mita moja na nusu kutoka usawa wa ardhi. Ikiwa sivyo, miti itang'olewa, patapandwa mitende ya mapambo na nyasi, na kampuni itafungiwa kazi za serikali miaka mitatu. Na kampuni ile haikuwa na kazi nyingine zaidi ya za serikali.

"Hicho kipengele kimenakiliwa kwenye mkataba wa mitende," Nérida alisema. "Hakuna huarango duniani inayofika mita moja na nusu kwa mwaka, mpaka uinyweshe kama ng'ombe."

"Lakini ulisaini, mama. Hapa. Jina lako hili."

"Nilisaini. Nilidhani atakayekuja kupima atakuwa anajua miti."

Fidencio alikuwa akiumega mkate vipande vidogo sana, dalili ya kwamba ana jambo.

"Sema, baba Yadira."

"Chincha yuko Abundio wa kitalu. Ana huarango za ndooni, mita mbili kila moja, zimesimama kama askari. Nimempigia. Anatupa lori zima, tutamlipa kidogo kidogo. Alhamisi baada ya chakula, upepo wa mchanga ukianza, kila mtu anafunga mlango, analala. Tunatoa hizi, tunaweka zile. Ijumaa wanapima, wanasaini. Jumamosi tunalala."

"Za ndooni mizizi yake imejizungusha humo kama utumbo. Hazishuki tena. Miaka miwili zimekufa."

"Nani hajui? Mimi ndiye ninayepanda."

"Mama," Yadira alisema polepole, "wewe ndiye uliyenifundisha kwamba bustani za mji huu zinaishi umri wa meya mmoja. Sawa. Na hii iishi hivyo hivyo, mara moja tu. Kampuni ya bustani za kudumu yenyewe haitadumu mpaka Jumamosi."

Nérida aliinuka, akakusanya sahani. Mji huu alikuwa ameupamba miaka ishirini na minne, na bustani zake zilizokuwa bado hai zilihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Nyasi zilikufa maji yalipokatwa, taa ziliibwa, mabenchi ya mbao yakawa kuni. Hii ya San Crispín ndiyo aliyoichora kwa kuvipa kisogo vitu vyote vinavyokufa: mawe ya mto, mchanga, na mti unaovumilia kiu. Alisugua sahani moja kwa muda mrefu, na machozi yakamtoka, akayaacha yaingie kwenye maji ya vyombo.

"Mwambie Abundio alete," alisema, bila kugeuka.

*

Alhamisi upepo ulianza saa nane na nusu. Upepo huo wa Agosti wanauita paraca. Unabeba mchanga kutoka upande wa bahari, unakupiga nao usoni kama mtu anayekudai. Milango ya San Crispín ikafungwa mmoja baada ya mwingine. Lori la Abundio likaingia taratibu, huarango za ndooni zikitikisa vichwa nyuma.

Walianza na namba kumi na saba, kwa sababu ulikuwa hauna mtetezi. Crisólogo baba yake wa ubatizo alikuwa dereva wa malori ya madini huko Marcona. Tangu siku ya chupa na tarumbeta hakuwahi kuonekana, wala kuleta hata tone la mate.

"Huu dakika tano," Fidencio alisema, akafunga leso puani.

Alichimba kuuzunguka nusu mita. Akaushika, akauvuta. Haukutingishika. Akachimba mpaka kiunoni, Benigno akimsaidia upande wa pili. Mzizi ulikuwa mmoja, mnyoofu, mnene kama kidole gumba, unashuka. Wakachimba mpaka mabegani mwa Fidencio. Bado unashuka, tena pale chini mchanga ulikuwa umebadilika rangi, mweusi mweusi, na ukiushika una ubaridi.

"Mama Yadira," Fidencio aliita kutoka shimoni, sauti imebadilika. "Njoo uone."

Nérida alipiga magoti ukingoni. Kijiti cha sentimita thelathini na tisa juu, na chini yake mzizi mrefu kuliko mtu. Miaka ishirini na minne alikuwa akiyachora haya kwenye karatasi, kwa penseli, mistari ya kukisia. Hakuwahi kuuona kwa macho.

"Nikate, bosi?" Benigno aliuliza, shoka mkononi. "Huu hautoki mpaka ukatwe."

"Ngoja," Nérida alisema.

"Tukingoja saa inakwisha, mama," Yadira alisema karibu na lori. "Bado arobaini na miwili!"

"Nimesema ngoja!"

"Enyi! Mnamfanya nini mtoto wa Crisólogo?"

Alikuwa Bibi Eufrasia. Upepo ukivuma yeye halali. Hutoka kukikaza kile kitambaa, mwanawe asivunjike mgongo. Alisimama pale na shuka kichwani, anaangalia shimo, anaangalia shoka, anaangalia lori.

"Tunakagua tu, bibi," Fidencio alisema.

"Unakagua na shoka? Na hayo mapande ya miti kwenye gari ni wakaguzi wenzako?" Akageukia nyumba, na mwili ule mdogo ukatoa sauti ambayo hakuna aliyejua inakaa wapi. "Tokeni! Tokeni nje! Wanatuibia watoto!"

Milango ikafunguka. Wakatoka na shali za sufu mabegani, na kandambili, mwingine na kijiko mkononi bado. Mama wa ubatizo wa namba tatu, baba wa namba ishirini, ndugu wawili waliogombania namba thelathini mpaka wakapewa wote. Walimzunguka Nérida, na upepo ukawa unawapiga wote pamoja.

"Injinia, ni kweli?"

Yadira alimtazama mama yake, akamwashiria kwa macho: sema uongo. Nérida alikuwa nao tayari, mzuri kabisa, kwamba ni miti ya nyongeza, zawadi ya kampuni. Akawaangalia. Njia ya mwongo ni fupi, na hii ingekatika kabla hajamaliza kusema.

"Ni kweli. Kesho wanapima urefu, na miti yenu ni mifupi. Wakiona ni mifupi wataing'oa yote na sisi tutafungiwa. Nikaona bora niibadilishe kwa hii ya ndooni ili wasaini. Hii ya ndooni ingekufa. Nilijua, na nilikuwa naifanya hivyo hivyo."

"Aisee," baba wa namba ishirini alisema. "Na sisi tungeamka tunabembeleza watoto wa watu."

Mtu mmoja akacheka, kisha akaona hakuna anayecheka naye.

"Hebu nikuone vizuri," mama wa namba tatu alisema. "Mwaka mzima nafukuza mbuzi kama mwehu. Kumbe mwizi ninaye namwita komadre."

Hilo lilimchoma Nérida kuliko barua yote ya manispaa. Komadre ndivyo wanavyoitana wazazi wa mtoto na wazazi wake wa ubatizo. Ni zaidi ya udugu.

Bibi Eufrasia ndiye pekee aliyekuwa hasikilizi. Alikuwa ameinama ukingoni mwa shimo, ameshika magoti.

"Crisólogo hajaleta maji hata siku moja," alisema.

"Hajaleta, bibi," Fidencio alijibu kutoka chini.

"Hata moja. Nami namsema kila siku. Baba gani huyu, namwambia kila mtu." Akainama zaidi. "Na mzizi wote huu kautoa wapi?"

Bibi aliinua kichwa taratibu.

"Na wangu je, Injinia? Wangu chini ukoje?"

"Wako ni mzuri, bibi."

"Nimekuuliza chini."

"Ni mzuri, bibi," Nérida alisema tena, na safari hii hakuweza kumtazama.

Bibi Eufrasia aliitikia kwa kichwa. Akajifunika shuka, akaenda zake nyumbani, na lile fundo la kitambaa hakulikaza.

Lori lilirudi Chincha na miti yake. Watu hawakurudi kulala. Ndugu wa namba thelathini waliingia shimoni wenyewe waone mzizi unaishia wapi, na kabla ya jua kuzama watu walikuwa wameshawekeana dau la bia.

*

Injinia Wilmer Tataje, mkaguzi wa manispaa, alikuwa mtu wa adabu, mwenye shati lililopigwa pasi na jalada la plastiki kwapani. Alimsalimia Nérida kwa cheo chake sahihi, na hilo likamvunja moyo zaidi; mtu mbaya angekuwa rahisi kumchukia.

Alipima mti mmoja mmoja, mtaa mzima ukimfuata nyuma kimya kama maandamano ya mtakatifu. Sitini na mbili. Hamsini. Arobaini na moja. Kila mara aliandika, na kila mara alipumua.

"Msanifu, mimi sina ubaya na wewe," alisema kwenye mti wa kumi na moja. "Lakini fomu ina kisanduku kimoja. Urefu. Nikiweka tiki pasipostahili tiki, Jumatatu natafuta kazi. Nina watoto wawili."

"Tazama kwanza shimo, Injinia."

"Nimeliona. Ni zuri. Fomu haina kisanduku cha shimo."

Alipofika namba tano, mti wa mwisho kwenye njia yake, uso wake ulikunjuka. Aliunyoosha mkanda wa kupimia, akatazama, akatazama tena.

"Mita moja hamsini na mbili! Haya! Huu sasa ni mti." Akawageukia watu. "Nani mwenye huu?"

"Mimi," Bibi Eufrasia alisema.

"Hongera sana, bibi. Mngekuwa wote kama bibi huyu, leo tungekuwa tunakunywa soda hapa. Msanifu, kwa nini mingine isiwe hivi? Si inawezekana?"

Nérida alihisi macho yote yamemwangukia. Jibu alikuwa nalo. Lilikuwa jibu moja tu, na ndilo ambalo lingeweza kuwaokoa: kwamba huu ndio mti mbovu kuliko yote, kwamba maji yakikosekana wiki tatu utakufa, kwamba umeoza kwa sabuni. Kulisema ni kumvua nguo mwanamke yule mbele ya mtaa wake wote. Alitazama beseni la bati, ambalo asubuhi hiyo bibi alikuja nalo mkononi. Lilikuwa tupu.

"Ulitunzwa vizuri," alisema. "Bibi ana mkono wa baraka."

Yadira alifumba macho. Fidencio alitazama ardhi.

"Basi," mkaguzi alisema, "nitaandika mmoja umefaulu, arobaini na miwili…"

"Subiri, baba," Bibi Eufrasia alisema.

Aliweka beseni chini. Akalifungua fundo la kile kitambaa cha fulana, polepole, kwa sababu ya vidole vyake, akakikunja mara nne akakitia mfukoni mwa aproni. Akaling'oa gongo. Mti, ulipoachwa peke yake, ukainama. Bibi aliupangusa majani kwa kiganja, kama anavyomfuta mtoto makamasi.

"Nisamehe, baba," aliuambia.

Kisha akaushika shina kwa mikono yote miwili, karibu na ardhi, akajipinda, akauvuta. Ulitoka mara moja. Bibi nusura aanguke chali, kwa jinsi ulivyokuwa hauna kitu cha kushikilia. Chini yake palikuwa na donge la mizizi lisilozidi ngumi mbili, jeusi, limelowa, linanuka sabuni ya kufulia.

Mtu fulani nyuma alisema "Mama yangu!"

"Huu ndio mti unaoutaka, Injinia?" Bibi Eufrasia aliuliza. "Chukua. Ndio wenye tiki. Niliunywesha mwaka mzima, na mgongo huu. Sasa njoo nikuonyeshe wa Crisólogo, mzembe yule asiyeleta maji. Uvute na wewe, kijana mwenye nguvu. Ukitoka, andika unachotaka."

Wilmer Tataje aliupokea ule mti bila kujua aushike vipi. Alitembea mpaka namba kumi na saba, mtaa mzima nyuma yake. Shimo lilikuwa limefikia urefu wa watu wawili, na ndugu wa namba thelathini walikuwa wameacha kuchimba kwa kuogopa kufunikwa. Mkaguzi aliweka mti wa bibi chini, akakitazama kile kijiti cha sentimita thelathini na tisa. Akajaribu kukivuta, kidogo, kwa heshima. Akajaribu kwa nguvu. Mwishowe alilala kifudifudi kwenye mchanga na shati lake la pasi, akateremsha mkanda sambamba na mzizi. Mkanda ulikuwa wa mita tatu. Ukaisha. Mzizi haukuisha.

Aliinuka akakaa ukingoni, miguu inaning'inia shimoni.

"Siwezi kuweka tiki," alisema hatimaye. "Hilo msiniombe."

"Hatujakuomba," Nérida alisema.

"Ila kuna sehemu ya maelezo, mistari minne, hakuna anayeijazaga." Akafungua jalada, akaandika, akafuta mchanga, akaandika tena, akasoma kwa sauti ili wasikie: kwamba mzizi umepimwa na mkanda haukutosha, kwamba kipimo cha urefu hakiufai mti huu, kwamba apendekeza dhamana isogezwe mwaka mmoja, miti isiguswe, kampuni isifungiwe, ukaguzi urudiwe Agosti ijayo. "Wakinigombeza," alisema, "nitawaleta hapa wauvute wenyewe."

Akasaini. Yadira alimkumbatia baba yake. Watu wakaanza kusemezana kwa sauti, baba wa namba ishirini akamtania Nérida kwamba safari hii kreti la faini ni la kampuni, na mama wa namba tatu alimpita bila kumwangalia, kisha akarudi hatua mbili. "Bado nimekukasirikia, komadre," alisema. "Ujue."

Nérida alimtafuta Bibi Eufrasia. Alimkuta namba tano, amesimama kwenye kishimo chake kitupu.

"Nilipaswa kukwambia, bibi. Tangu mwezi wa nne. Nilishindwa. Niliogopa kukuumiza."

"Ukaniacha nimuue." Hakusema kwa ukali. "Jana usiku sikulala, Injinia. Nilikuwa namwaza mwanangu wa kumzaa, yule aliye Lima, ambaye mpaka leo namtumia hela." Akapangusa macho kwa aproni, akacheka kidogo, cheko lisilo na furaha. "Nipe mwingine. Mdogo. Wa mbegu."

*

Waliupanda Jumapili, bila chupa wala tarumbeta. Miezi mitatu Bibi Eufrasia aliunywesha kwa kipimo alichopewa, kikombe kimoja, maji safi. Mwezi wa nne ulipoanza, Nérida alipita asubuhi kukagua mabenchi, akamwona bibi anakuja kwa hatua zake mia mbili, na beseni la bati mkononi. Alijiambia safari hii hatameza neno. Aliharakisha akamfikia mtini.

Majani yalikuwa yameanza kupukutika. Kijiti kilikuwa na urefu wa kiganja.

"Bibi Eufrasia…"

Bibi aliligeuza beseni juu chini. Halikutoa hata tone. Akaliweka kifudifudi kwenye mchanga, akalikalia, miguu ameinyoosha kando ya mti.

"Sikuja kumpa kitu," alisema. "Nimekuja kukaa naye, analia."